Naingiza 80 kwa 100, mbona narudi nyumbani na hasira?

Yambo Mama Mwalimu,

Nina miaka 27, ninakaa Kampemba, hapa Lubumbashi, na kazi yangu ni kushika vitabu vya hesabu katika duka moja la vifaa vya ujenzi. Basketi nimeicheza tangu nikiwa sekondari. Jioni nikitoka kazini napita kwenye uwanja wa saruji ulio karibu na kwetu, natupa mpira peke yangu mpaka mlinzi aje kufunga geti.

Mwaka jana timu yetu ya mtaa ilipoteza mechi kwa alama 1. Zilikuwa zimebaki sekunde chache, nikapewa mitupo huru 2, ile ya kusimama kwenye mstari bila mtu kukuzuia, nikaikosa yote. Wenzangu hawakunisema. Mimi ndiye nilijisema, na sijanyamaza mpaka leo. Wiki ile ile nilinunua daftari. Ninaandika kila mtupo.

Tangu mwezi wa tatu nimejiwekea sheria: sitoki uwanjani mpaka niingize 20 mfululizo. Na mpira ukigusa chuma cha kikapu siuhesabu, hata kama umeingia. Naanza tena moja. Nataka iwe nyavu tupu, kiwiko kikiwa kimenyooka, mkono ukibaki juu kama inavyotakiwa. Daftari linasema kwamba katika 100 naingiza kama 80, na katika hizo 60 zinaingia safi bila kugusa chuma. Sijafika 20 hata siku moja. Karibu zaidi nilifika 13. Wa 14 uligusa chuma kidogo sana, ukaingia. Nilichukua mpira nikaupiga ukutani mpaka mlinzi akaja kuuliza kuna nini.

Zamani nikisikia tu mpira unadunda barabarani, nilikuwa naacha sahani ya bukari mezani na kutoka. Siku hizi nikiona uwanja tumbo linakaza. Marafiki wananiambia "ni mchezo tu, wewe cheza". Neno hilo linaniuma kuliko kukosa. Sitaki kuwa mchezaji wa ovyo. Lakini hivi pia siwezi kuendelea. Je, mtu anaweza kutafuta ukamilifu na bado akafurahi, au ni lazima aache kimoja?

Mhesabu wa Kampemba


Mwanangu, aksanti kwa barua, na aksanti mara mbili kwa kuniwekea namba. Wengi huniandikia "sifurahii tena" na kuishia hapo, nami nabaki kubahatisha. Wewe umenifungulia daftari. Basi kabla ya kuongea habari za moyo tuongee hesabu, kwa sababu nadhani hesabu ndiyo imeuonea moyo wako.

Umesema unaingiza 80 kwa 100. Tuache kwanza hiyo sheria ya nyavu tupu, tuhesabu kila mpira ulioingia. Ili upate 20 mfululizo unazidisha 0.8 kwa yenyewe mara 20. Fanya kwa mashine yako ya kazini: inatoka kama 0.0115. Maana yake, ukianza safu mara 100, itakamilika mara 1 hivi. Na ukihesabu mitupo yote ambayo mtu wa 80 kwa 100 anahitaji, kwa wastani, mpaka aione hiyo safu ya 20, inafika kama 430. Uko peke yako, unatupa, unakimbilia mpira, unarudi kwenye mstari: weka sekunde 15 kwa kila mtupo. Hiyo ni saa 1 na dakika 47, baada ya siku nzima ya kusimama dukani.

Sasa rudisha sheria yako ya nyavu tupu. Mitupo safi ni 60 kwa 100. Zidisha 0.6 mara 20, utafute tena wastani. Nilirudia hesabu hii mara tatu kwa sababu sikuiamini: ni zaidi ya mitupo 68,000. Ukitupa 200 kila jioni bila kupumzika Jumapili wala sikukuu, na safu yako iendelee pale ilipoachwa jana, ni zaidi ya siku 340, karibu mwaka mzima, kabla ya kuiona mara moja.

Umekuwa ukitoka pale uwanjani kila jioni ukijiona umeshindwa, kumbe mlango uliojiwekea umefungwa kwa nje. Angekuja mteja dukani na deni la namna hiyo, ungemwambia aliyemwandikia mkataba amemwibia. Mkataba huu umejiandikia mwenyewe, ukausaini usiku wa ile mechi, ukiwa na uchungu. Mtu asisaini kitu usiku wa namna hiyo.

Tena tazama chuma chenyewe unachokiogopa. Kikapu kiko mita 3.05 kutoka chini. Duara lake lina sentimita 45 kwa ndani. Mpira wenu wa wanaume, namba 7, una upana wa sentimita 24 hivi. Toa: zinabaki kama sentimita 21 za nafasi. Waliotunga mchezo huu waliweka nafasi kwa mpira unaokuja kushoto kidogo, kulia kidogo, mrefu kidogo. Mwamuzi hapunguzi nusu alama kwa sababu mpira uligonga chuma ukazunguka ukaingia. Ni 1, kama ule mwingine. Huo wa 14 uliogusa chuma na kuingia ulikuwa mtupo mzuri. Ulikuwa na haki ya kuandikwa.

Na hilo la kiwiko kunyooka na mkono kubaki juu. Kuna Mmarekani anaitwa Rick Barry, alitupa mitupo huru miaka yake yote ya kucheza kwa malipo kwa mikono miwili kutokea chini, kati ya magoti, kama mtu anayemwaga maji ya ndoo. Hakuna aliyeusifu uzuri wake. Aliingiza karibu 90 kwa 100. Wilt Chamberlain, lile jitu, usiku wa tarehe 2 Machi 1962 alipofunga alama 100 katika mechi moja, alikuwa akitupa kutokea chini pia: mitupo huru 32, akaingiza 28. Baadaye akauacha mtindo huo kwa sababu aliona aibu kuonekana vile, na mitupo yake ikarudi kuwa mibaya. Sikuambii utupe kutokea chini. Ninachotaka uone ni kwamba umbo la kupendeza na mpira unaoingia ni vitu viwili, nawe umevifunga kamba moja.

Nikueleze jambo la nyumbani kwetu. Kaka mkubwa wa baba yangu alikuwa mpiga shaba, hapa Katuba, mmoja wa wale mafundi wanaochora kwa nyundo kwenye bamba: wanawake wanaotwanga, ndege, wavuvi kwenye mtumbwi. Nikiwa mtoto nilikaa karibu naye likizo nzima. Nilidhani kazi yake ni kupiga tu. Siku moja nikamwona anaacha katikati, picha haijaisha, anachukua bamba na kuliweka kwenye makaa. Nikamwuliza amekosea wapi. Akasema hajakosea, ila shaba imechoka. Akanipa nyundo nigonge: ilikuwa inadunda, sauti yake kavu. Shaba ndivyo ilivyo, kila pigo linaikaza, hata pigo zuri. Hasa pigo zuri, aliniambia. Ukiendelea kuipiga kwa sababu unataka imalizike leo, inapasuka pembeni, na hapo hakuna fundi wa kuirudisha. Lakini ikikaa kwenye moto mpaka inawaka wekundu hafifu, kisha ikapoa, inakuwa laini tena, inakubali mkono. Katika bamba moja alirudi kwenye makaa mara nyingi. Hakuona kama ni kupoteza wakati. Makaa yalikuwa sehemu ya kazi, sawa na nyundo.

Nilikuja kuielewa siku hiyo baada ya miaka mingi, na kwa uchungu. Mimi nilicheza hapa mjini katika miaka ya 1980. Timu ya wanawake ya Zaire ilichukua ubingwa wa Afrika mwaka 1983, ikauchukua tena 1986, na msichana yeyote aliyekuwa na mpira mkononi alijiona yuko njiani. Kocha wangu wa wakati huo aliniambia mbele ya wenzangu kwamba mkono wangu wa kushoto unaharibu kila kitu, unasukuma mpira pembeni. Ilikuwa kweli. Nikaanza kuuwinda mkono huo. Nilitupa mbele ya dirisha la darasa ili nijione kwenye kioo. Nilikwenda asubuhi kabla ya shule, nikarudi jioni. Nikawa nautazama mkono, siutazami tena kikapu. Kadiri nilivyoutazama ndivyo ulivyokuwa mgumu. Baada ya miaka miwili nilifika uwanjani siku moja, mpira ulikuwa chini mbele yangu, na sikuweza kuinama kuuokota. Nilirudi nyumbani, nikakaa miezi 14 bila kuugusa. Nyumbani walidhani nimepata ugonjwa.

Walionirudisha ni watoto wa kike wa majirani. Walikuwa na mchezo wao wa kuigana: mmoja anatupa kwa namna yake, akiingiza, wote lazima watupe vile vile, anayekosa anatoka. Wakaniita kwa sababu walikosa mtu wa nne. Tulitupa tukiwa tumekaa kwenye ngazi. Tulitupa kwa mgongo. Tulitupa kwa mkono wa kushoto, ule ule mbaya, nami nikaingiza, nikasikia mtu anacheka kwa sauti, na mtu huyo alikuwa mimi. Nilikwenda tena kesho yake, na keshokutwa. Baada ya wiki kadhaa nilisimama kwenye mstari, nikatupa bila kuwaza, na mkono wa kushoto ulikuwa umetulia wenyewe. Sikuingia timu ya taifa, mwanangu, nisikudanganye. Lakini nilicheza mashindano mpaka miaka 38, na mpaka leo nikipita kwenye uwanja wa shule siwezi kuvuka bila kuomba mpira.

Kwa nini mkono ulitulia nilipoacha kuutazama? Wakati ule sikujua. Baadaye, nilipokuwa nafundisha, nikasoma. Kuna profesa mmoja, Gabriele Wulf, ambaye tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 yeye na wenzake wamelipima jambo hili mara nyingi: mtu anayeelekeza akili yake nje, kwenye lengo au kwenye chombo alichoshika, kwa kawaida hufanya vizuri kuliko anayeelekeza akili kwenye viungo vyake. Ukikichunga kiwiko, unakizuia kufanya kazi ambayo kilikwisha kuijua. Na kuna Mrusi, Nikolai Bernstein, ambaye katika miaka ya 1920 huko Moscow alifunga taa ndogo kwenye mikono ya wafanyakazi, akawapiga picha wakigonga patasi kwa nyundo. Walikuwa mafundi wa siku nyingi. Nyundo ilifika pale pale kila mara, lakini bega, kiwiko na kiganja vilipita njia tofauti kidogo katika kila pigo. Nilipolisoma hilo nilimwona baba yangu mkubwa palepale. Hakuwahi kupiga mara mbili kwa namna moja. Fundi halinganishi mkono, analinganisha mahali nyundo inapotua. Wewe unadai mkono uwe ule ule mara 20. Hata fundi wa miaka 30 hakupi hiyo.

Sasa hao marafiki. Wanakupenda, lakini katika hili siko upande wao. Neno "ni mchezo tu" halimsaidii mtu kama wewe, kwa sababu linakuambia kwamba kitu unachokijali hakistahili kujaliwa. Kinastahili. Kuna raha ambayo mcheza ovyo haijui, ile ya mpira unaotoka kwenye vidole nawe tayari unajua, kabla haujafika, kwamba umeingia. Raha hiyo inatokana na kurudia, na kurekebisha, na kuwa mkali na nafsi yako kidogo. Usikubali mtu akunyang'anye. Kwa hiyo jibu la swali lako la mwisho: huachi chochote. Ila ukamilifu wako umeuweka mahali pabaya. Umeuweka kwenye namba ya mwisho ya jioni, ambayo huishiki mkononi. Uweke kwenye mtupo mmoja, huu ulio nao, kisha uuachie.

Nikuambie nitakavyo ufanye mpaka mvua zianze, na ukinibishia utaniandikia.

Daftari libaki, lakini lipewe siku mbili tu, tuseme Jumanne na Alhamisi. Siku hizo tupa mitupo huru 50, usizidishe. Usiitupe mfululizo kama unayepanga matofali. Kimbia kwanza kutoka kikapu hadi kikapu, mara mbili, ufike kwenye mstari unahema, kisha tupa 2, uondoke, ukimbie tena. Katika mechi ndivyo inavyokuja: 2, mapafu yanawaka, watu wanapiga kelele. Ile jioni ya mwaka jana hukukosa kwa sababu hujui kutupa. Nadhani ulikosa kwa sababu mwili wako ulikuwa haujawahi kutupa ukiwa katika hali ile, na mitupo 20 ya taratibu jioni peke yako haikufundishi hali ile. Chagua sehemu ya chuma, ya mbele au ya nyuma, itazame hiyo mpaka mpira ufike. Kiwiko kisahau. Mpira ulioingia umeingia, andika. Kisha chini ya namba andika sentensi moja kuhusu mtupo uliokupendeza, hata kama ni mmoja. Najua mhesabu hapendi kuchanganya maneno na tarakimu. Fanya hivyo hivyo.

Siku nyingine mbili daftari libaki nyumbani kabisa, lisiwe hata kwenye mfuko, maana likiwa mfukoni utahesabu kichwani. Ita wenzako watatu. Chezeni mchezo wa kuigana, anayetolewa wa kwanza awanunulie wenzake kinywaji cha munkoyo. Tupa kutoka hatua moja mbele ya mstari, hatua moja nyuma, pembeni, kwa mkono mwingine. Usidhani hapo umeacha mazoezi. Mwaka 1978 watafiti wawili, Kerr na Booth, waliwapa watoto wa miaka 8 vifuko vya maharage wavitupe kwenye lengo. Wengine walifanya mazoezi kwa umbali wa futi 3 peke yake. Wengine walifanya kwa futi 2 na futi 4, hawakugusa 3. Siku ya mtihani wote walitupa kwa futi 3, na walioshinda ni wale ambao hawakuwahi kusimama hapo. Kweli mtupo huru hutoka mahali pamoja siku zote, na ndiyo maana sijakunyima Jumanne na Alhamisi. Lakini mkono uliozoea umbali mwingi unajua kujisahihisha, na mkono uliozoea mmoja unashtuka ukitikiswa kidogo.

Siku tatu zilizobaki usiende uwanjani. Kula na watu wa nyumbani kwako.

Kuhusu 20 mfululizo, kama unaipenda safu, nami naielewa, chukua 10, na mpira wowote ulioingia uhesabiwe. Kwa mtu wa 80 kwa 100, wastani wake ni mitupo 42 hivi. Utaipata siku nyingine, siku nyingine utaikosa, na zote mbili zitakuwa jioni za kawaida. Lakini isiwe ndiyo ruhusa ya kwenda nyumbani. Ruhusa ya kwenda nyumbani ni ile mitupo 50 kuisha.

Bado jambo moja. Marehemu Dikembe Mutombo, aliyezaliwa Kinshasa mwaka 1966 na kutuacha mwaka 2024, alicheza Marekani kwa miaka 18. Mitupo yake huru, kwa maisha yote, ilikuwa kama 68 kwa 100. Mwanangu, wewe unamzidi. Lakini tafuta picha yake ya Mei 1994, siku timu yake ya Denver, iliyoingia ya nane, ilipoitoa Seattle iliyokuwa ya kwanza. Amelala chali sakafuni, jitu la zaidi ya mita 2, ameushika mpira juu ya uso wake kwa mikono miwili, mdomo wazi, anacheka kama mtoto aliyepewa mpira wake wa kwanza. Ibandike ndani ya jalada la daftari lako. Sio kwa ajili ya kushinda kwao. Nataka kila unapolifungua uone uso wa mtu aliyeipenda kazi hii.

Niandikie ukifika mwisho wa mwezi wa kumi, jakaranda zikiwa zimeanza kumwaga maua barabarani. Usinitumie wastani. Niambie tumbo bado linakaza au la.


Yambo Mama Mwalimu,

Binti yangu wa miaka 10 ameanza basketi na kaka zake hapa Ruashi. Akikosa analia, anasema hawezi, mkono wake mbaya. Baba yake anamwambia aendelee mpaka aweze. Mimi naogopa ataichukia. Nani ana haki?

Mama wa wanne


Mama mwenzangu, kabla ya kusema nani ana haki, nauliza: anatumia mpira gani, na kikapu gani? Kama ni wa kaka zake, namba 7, na kikapu cha mita 3.05, basi mtoto halii kwa uvivu wala kwa kiburi. Anajaribu kubeba gunia la mtu mzima. Katika mchezo wa watoto wa chini ya miaka 12, kikapu huwekwa mita 2.60 na mpira ni namba 5, mdogo na mwepesi. Ule mkubwa atausukuma kwa tumbo na kifua kwa kuwa mikono haitoshi. Atajifunza mwendo mbaya, na baadaye mtu atamwambia mbele ya wenzake kwamba mkono wake ni mbaya. Unaona ninakokwenda.

Mwombe baba yake afunge pete ya chuma au hata kikapu cha sokoni kilichotobolewa kwenye ukuta wa nyuma, mita 2.60, apime kwa utepe. Hiyo itampa baba kazi ya kufanya, kwa sababu naye anampenda mtoto, anatafuta tu pa kuuweka upendo wake. Mkitembea kurudi nyumbani msimwulize ameingiza ngapi. Mwulizeni ni mtupo gani aliupenda, na mwacheni aueleze wote, na mikono yake, hata kama anasimama katikati ya njia.

Mpira namba 5 ninao mmoja ambao wajukuu wangu wameuacha. Nimeukabidhi kwa karani wa gazeti, pamoja na pampu. Upitie siku yoyote kabla ya saa sita, useme wewe ni mama wa wanne wa Ruashi. Mkiujaza upepo msiukaze sana, mikono ya mtoto wa miaka 10 inapenda mpira unaokubali kidogo.